"Hakuna" ya Dirishani: Mfamasia Yuko Wapi Katika Mageuzi ya Afya?

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya presha, kwenye kituo cha afya kimoja nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Tulifika saa moja asubuhi, tabibu tukamwona saa tano, na saa sita kasoro tulikuwa tumesimama kwenye dirisha la dawa. Mkono ukatoka, ukachukua cheti, ukarudi na dawa mbili. Cheti kilikuwa na tatu. "Hii furosemidi hakuna, mama, mtanunua nje." Kisha akaitwa mwingine.

Kama umewahi kuugua au kuuguza nchi hii, sentensi hiyo unaijua. Tumeizoea hadi hatuiulizi swali. Mimi nilikwenda nayo nyumbani, na kadiri nilivyouliza watu wanaofanya kazi upande wa pili wa lile dirisha, ndivyo nilivyoona kwamba ndani ya neno "hakuna" mmejificha karibu mambo yote tunayoyaita mageuzi ya afya. Mmejificha pia mtu mmoja ambaye hotuba humpita haraka kwenda kwa madaktari na majengo: mfamasia.

Aliye nje ya dirisha husikia neno moja tu. Aliye ndani anajua, au angepaswa kujua, kwamba hakuna zinatofautiana. Ipo hakuna ya Bohari ya Dawa, ghala la serikali linalouzia vituo dawa: kituo kimeagiza, Bohari yenyewe haina. Ipo hakuna ya kituo: Bohari imejaa, ila fomu ilichelewa, au kiliagizwa kiduchu. Ipo ya fedha, pale makusanyo yanapokuwa yamekwenda kununua mafuta ya gari la wagonjwa. Ipo hakuna ya orodha, ambapo tabibu kaandika dawa ambayo kwa ngazi ya kituo kile haipaswi hata kuwepo. Ipo ya tarehe: boksi zima liko kwenye rafu, lakini muda wake uliisha wiki iliyopita kwa sababu mzigo mpya ulipangwa mbele ya ule wa zamani. Na ipo ile ya mlango wa nyuma, ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja kwa jina.

Kila moja ina tiba yake. Ukiitibu hakuna ya tarehe kwa kuongeza bajeti, umenunua tu dawa nyingi zaidi za kuja kuteketezwa. Ukiitibu hakuna ya fomu kwa kumtukana mkurugenzi wa Bohari, unamwonea. Kazi ya kuzitenganisha, kusema hii ni ipi na inatibiwa wapi, ina mtu aliyeisomea miaka minne chuo kikuu. Wengi tunamdhani ni muuza duka aliyevaa koti jeupe.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1980, kwa fedha za Denmark, zahanati za vijijini zilipelekewa dawa katika makasha yaliyofungwa tayari. Kasha la zahanati lilikuwa kasha la zahanati, iwe Mpwapwa au Ukerewe. Ulipokea ulichopewa. Faida yake ilikuwa kubwa: dawa zilifika vijijini, na mhudumu hakuhitaji kupiga hesabu yoyote. Hasara yake unaweza kuibuni mwenyewe. Huku dawa za malaria zinaisha wiki ya pili, kule zinajaa vumbi. Dawa ya kikohozi ya watoto imekwisha, ila bandeji ziko za kutosha kufungia ng'ombe.

Ukaja mwaka 1993. Hospitali za serikali zikaanza uchangiaji, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Bohari ya Dawa ichukue nafasi ya bohari kuu ya wizara. Wazo lilikuwa kwamba dawa zinunuliwe kwa pamoja, kwa bei nafuu, na vituo vilipie. Hatua kwa hatua makasha yakaachwa, na zahanati ikaambiwa: agiza unachohitaji.

Hapo ndipo fundo lilipo, na naomba tulikalie. Mfumo wa makasha ulikuwa unakusukumia dawa. Mfumo mpya unakutaka uivute mwenyewe. Kuvuta kunahitaji hesabu: umetumia kiasi gani, umebakiwa na nini, mzigo ujao unafika lini, na msimu wa mvua unaongeza wagonjwa gani. Mageuzi yalihamisha hesabu hiyo kutoka Dar es Salaam hadi zahanati. Mwenye kuijua hawakumhamisha. Mpaka leo zahanati nyingi za vijijini hazina mfamasia wala fundi sanifu wa dawa. Dirishani yupo nesi, au mhudumu wa afya, ambaye asubuhi hiyohiyo amezalisha, amechanja watoto na amepiga deki.

Nitakuonyesha hesabu moja tu, maana ndiyo iliyonifungua macho. Tuseme zahanati inaagiza dawa kila baada ya miezi miwili. Katika siku 60 zilizopita imetoa dozi 300 za amoksilini ya watoto. Je, iagize ngapi kwa siku 60 zijazo? Wewe na mimi tungesema 300, na labda kidogo cha akiba. Sasa fungua leja. Leja inasema dawa iliisha siku ya 30. Dozi 300 zilitoka ndani ya mwezi mmoja, na mwezi wa pili akina mama waliambiwa hakuna. Mahitaji ya kweli ni dozi 600. Ukiagiza 300 zitaisha tena siku ya 30, na fomu yako ijayo itaonyesha tena kwamba umetumia 300. Makosa yanajizaa. Kwenye karatasi mambo yametulia kabisa: kituo kiliomba 300, kikapata 300, kikatumia 300. Wilayani wanaona alama nzuri. Dirishani, nusu ya mwaka hakuna dawa.

Mfamasia hujifunza hesabu hiyo mapema sana, pamoja na kanuni ya stoo kwamba inayokaribia kuisha muda ndiyo itangulie kutoka, hata kama imeingia jana. Si elimu ya anga. Ila ni elimu, na asiye nayo hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa nayo.

Dodoma ina sehemu yake ya fahari katika kisa hiki, na nashangaa wenyeji wachache wanaijua. Bohari inapokosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa wafanyabiashara binafsi kwa fedha zake: za uchangiaji, za bima, za CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Zamani kila kituo kilihangaika kivyake. Mganga mfawidhi anatoka kijijini na pikipiki, anazunguka mjini kutafuta ankara tatu za bei, ananunua kwa bei ya rejareja dawa ambayo hajui imepita mikono mingapi. Jirani yake wa kilomita kumi ananunua dawa ileile, siku ileile, kwa bei nyingine. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma, kwa ushirikiano na mradi uliofadhiliwa na Uswisi, ukaanza mfumo ulioitwa Jazia. Jina lenyewe linajieleza: unajazia pale Bohari ilipopungukiwa.

Unavyofanya kazi si mgumu kuelewa. Mkoa unatangaza zabuni na kumpata msambazaji mmoja, ambaye watu wa halmashauri humwita mshitiri. Bei zinakubaliwa mara moja kwa vituo vyote. Kituo kinaanza Bohari. Bohari ikisema haina, oda inapitia kwa mfamasia wa wilaya, anazikusanya pamoja na za wenzake, anazikagua, zinakwenda kwa mshitiri. Mshitiri naye analeta mzigo ambao ukikuta dawa imeharibika au imebakiza muda mfupi, una wa kumrudishia. Mwaka 2016 mfumo ukaenda Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukawa wa nchi nzima.

Ninachokipenda katika Jazia ni kwamba haikuleta dawa mpya wala jengo jipya. Ilichofanya ni kumweka mfamasia wa wilaya na wa mkoa katikati ya njia, mahali ambapo hapo kabla palikuwa na mganga mmoja na pikipiki. Zabuni ilihitaji mtu wa kusema dawa ipi iingie kwenye orodha na kwa jina gani. Oda zilihitaji mtu wa kuuliza, "Hizi sindano 500 mnawachoma akina nani?" Leja zilihitaji mkaguzi. Hiyo ndiyo kazi ya mfamasia katika mageuzi, na haipigiki picha vizuri.

Kisha mwaka wa fedha 2017/18 serikali ikaanza kupeleka sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kukaa halmashauri. Hatua nzuri. Lakini ona mwelekeo: tena uamuzi umeshuka ngazi moja, hadi zahanati, na tena mtu wa dawa amebaki wilayani. Mfamasia wa wilaya ana vituo vingi, vingine mwisho wa barabara ya vumbi ambayo masika haipitiki. Atakagua leja ngapi kwa mwezi?

Na si kwamba hawasomeshwi. Muhimbili wamekuwa wakifundisha wafamasia tangu miaka ya 1970, na hapahapa mjini, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kina shule yake ya famasia. Nimeongea na vijana waliohitimu na kusajiliwa na Baraza la Famasi ambao wanasubiri ajira huku wakisimamia maduka ya watu. Zahanati inatafuta mtu wa kuhesabu vidonge. Mwenye digrii ya kuhesabu vidonge anatafuta mshahara. Katikati yao kuna kibali cha ajira.

Haya, tulikuwa na shangazi barabarani, tunatafuta furosemidi.

Duka la kwanza tulilokuta ni duka la dawa muhimu. Nalo lina historia yake. Zamani yalikuwepo maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza Panado na wenzake tu, na kwa siri yaliuza kila kitu. Mwaka 2003 serikali ilianza Ruvuma jaribio la aina nyingine: mtoa dawa apewe mafunzo, duka likaguliwe, na liruhusiwe kihalali kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki chache na mseto wa malaria. Lilikuwa wazo la watu waliokubali ukweli kwamba kijijini duka ndilo zahanati ya kwanza. Likaenea nchi nzima. Ukienda Chemba au Bahi leo, mtoto akichemka usiku, mlango unaogongwa ni huo.

Ila duka ni duka. Mteja huja na buku mkononi na kusema, "Nipatie za elfu moja." Za elfu moja zinaweza kuwa vidonge sita vya dozi ya kumi na tano. Mtoa dawa aliyefundishwa vizuri anajua kwamba nusu dozi ya antibayotiki inaua wadudu dhaifu na kuwaachia wenye nguvu wazaliane. Anajua pia kwamba akikataa, mteja anavuka barabara. Tanzania ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na ndani yake yamo mengi mazuri, lakini vita vyenyewe vinapiganwa pale kaunta, kati ya buku na dozi.

Pale dukani hawakuwa na furosemidi. Tukapanda daladala hadi mjini, tukaingia famasi. Nilitarajia kukuta kile nilichokizoea kwenye famasi moja jirani na kwangu, ambako cheti cha mfamasia kimening'inia ukutani kwenye fremu safi, na mwenye cheti sijawahi kumtia machoni kwa miaka mitatu. Sheria inataka famasi iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Cheti hukodishwa, mwenyewe yuko mkoa mwingine, anayeuza ni binti wa mwenye duka. Wenyewe katika taaluma wanalijua hilo na linawaudhi kuliko linavyoniudhi mimi, kwa sababu wanajua wanaoaibika ni wao.

Safari hii mwenye cheti alikuwepo. Dada mdogo, hata thelathini sidhani. Alimwamkia shangazi, akapokea cheti, akakisoma, halafu hakugeuka kwenye rafu. Akauliza, "Mama, mbali na hizi, nyumbani unameza nini kingine?"

Shangazi akafungua fundo la kanga. Mlikuwa na karatasi ya vidonge iliyobaki nusu: nifedipini, aliyoandikiwa miezi mingi nyuma kwenye hospitali nyingine na kuendelea kuinunua mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Kwenye cheti kipya kulikuwa na amlodipini. Yule dada akatueleza taratibu kwamba hizo mbili ni ndugu, zinafanya kazi kwa njia moja, na kwamba mojawapo ya maudhi yake yanayojulikana sana ni kuvimba miguu. Akainama kidogo kutazama. Miguu ya shangazi ilikuwa imejaa ndani ya ndala.

Sasa fuatilia mnyororo. Dawa mbili za ukoo mmoja zimemvimbisha miguu. Tabibu, ambaye ile nifedipini hakuiona, kaona miguu imevimba, kaandika furosemidi ili atoe maji. Dawa ya tatu imeandikwa kutibu kazi ya dawa mbili za kwanza. Furosemidi nayo ina yake: ingempeleka msalani mara kwa mara, na kwenye joto la Dodoma la mwezi wa kumi mwili wa mtu wa miaka sabini haufai kukamuliwa maji bila sababu.

Yule dada hakumfutia shangazi dawa yoyote, si mamlaka yake. Aliandika barua fupi kwa tabibu, akaorodhesha dawa zote nne na swali lake, akatuambia turudi nayo kituoni kesho yake asubuhi. Tulitoka bila kununua kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa shida nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya leja. Dakika ishirini zile zilikuwa huduma bora kuliko zote tulizopata siku hiyo, na zilimwingizia yule dada sifuri. Famasi yetu inaishi kwa faida ya kidonge kinachouzwa. Akishauri vizuri mpaka mgonjwa asinunue, amejikata mshahara. Bima nayo hulipia dawa iliyotolewa; kwa dawa iliyozuiwa hakuna fomu ya kujaza. Tunamtaka mfamasia awe mshauri, tunamlipa kama muuzaji, halafu tunashangaa akiuza.

Wenzetu wameanza kulifungua fundo hili kwa njia tofauti. Huko England, tangu tarehe 31 Januari 2024, mfamasia wa mtaani anaruhusiwa kutibu magonjwa saba madogomadogo bila mgonjwa kwenda kwa daktari, na mfumo ulipoanza alilipwa paundi 15 kwa kila mgonjwa aliyemsikiliza, awe amempa dawa au hakumpa. Sisemi tunakili. Wao wana mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta, sisi tuna daftari la mazoezi lenye picha ya mchezaji mpira. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba malipo yanaweza kutenganishwa na kidonge.

Kwa nini liwe jambo la sasa? Kwa sababu ya bima. Novemba 2023, hapahapa Dodoma, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Aliyelipa papo kwa papo akiambiwa hakuna, hukasirika na kwenda zake. Aliyelipa mwaka mzima mapema akiambiwa hakuna, huona ametapeliwa, na mwaka unaofuata harudi. Tulishaonyeshwa hilo na CHF, iliyoanzia Igunga mwaka 1996: uhaba wa dawa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu waache kulipia. Ukisema bima, mwananchi anasikia dawa. Na bima ikiingia, makosa madogo ya dirishani yanakuwa makosa ya fedha: dawa imeandikwa kwa jina la biashara badala ya jina lake halisi, idadi haiendani na siku za dozi, dawa haimo kwenye orodha ya ngazi ile, dai linakatwa, kituo hakilipwi, na oda ijayo inapungua. Hakuna ya dai imeongezeka kwenye zile hakuna nyingine.

Tulirudi kituoni kesho yake. Tabibu aliisoma barua mara mbili, akacheka kwa aibu kidogo, akakata nifedipini na furosemidi, akaandika tarehe ya kumwona shangazi tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na karatasi chache. Baada ya wiki mbili hivi ndala zilikuwa zinapwaya.

Tukiwa tunatoka nilisimama kwenye lile dirisha. Nikamuuliza yule nesi, kwa upole, kama furosemidi haipo Bohari au haipo pale tu. Hakuelewa mara moja kwa nini nauliza, hasa kwa kuwa hatukuihitaji tena. Kisha akavuta leja, akapekua kwa kidole, akafika kwenye mstari wenyewe.

"Bohari sijui," akasema. "Sisi hatukuagiza. Anayejaza fomu yuko likizo ya uzazi tangu mwezi wa saba."